Uzi wa Hamsini na Nne

Uzi ulifika Jumanne, ndani ya bahasha iliyokunjwa mara nne, mkononi mwa dereva wa teksi za Sary-Bulak, kijiji cha wakwe. Ulikuwa uzi mwekundu wa sufu wenye mafundo mawili, na kutoka fundo moja hadi jingine ndio ulikuwa mzunguko wa kichwa. Zuurakan aliulaza mezani, akaunyoosha, akaweka futikamba yake ya sentimita kando. Hamsini na nne. Akaugeuza, akaupima kutokea upande wa pili, utadhani uzi una upande wa kusema kweli na upande wa kusema uongo. Hamsini na nne vilevile.

Miaka ishirini na sita alikuwa akishona kalpaki kwenye soko la Kochkor, zile kofia ndefu nyeupe za sufu iliyoshindiliwa ambazo wanaume wa kule huvaa harusini, msibani na siku ya kupiga kura, na hakuna kichwa cha mwanamume kilichompita bila yeye kukikadiria. Wenzake sokoni walimtania kwamba hata imamu hamsikilizi, anampima. Na kichwa cha Sagynaaly, mkwe wake mtarajiwa, alikuwa amekikadiria vizuri sana, siku alipokuja kumposa binti yake Aidai kwa niaba ya kijana Tilek. Jibaba la shingo pana, na kichwa kama sufuria ya kupikia wageni. Sitini hicho, hakipungui hata punje. Hamsini na nne ni kichwa cha mtoto wa darasa la tano.

"Hawa watu wananichezea," alisema mwishowe.

Aidai alikuwa upande wa pili wa meza akikata utepe mweusi wa kupambia. Aliuliza nani anamchezea nani, na mama yake akamsukumia uzi.

Mwanamke huyu alikuwa na sababu za kutetemeka kwa ajili ya uzi. Siku ya karamu, upande wa bibi harusi huwavisha wakwe mbele ya macho ya kila mtu: joho huyu, shali yule, na kalpaki mkuu wa nyumba. Kofia ikikaa vizuri, watu hupiga makofi na kula nyama. Isipokaa, husemwa kwamba waliotoa hawakumheshimu mwenye kichwa, na bibi harusi huingia kwenye nyumba hiyo akiwa tayari na kesi ya kujibu. Wala hakuna kusema nipe nikaibane kidogo. Kalpaki ikishagusa kichwa cha mtu ni yake pamoja na bahati yake, haiazimwi, haiuzwi, hairudishwi kwa fundi. Mtu pekee anayeweza kuipokea ni mwanawe wa kumzaa.

Na hayo yalikuwa yamemkuta tayari. Miaka mitatu nyuma alimwoza Burul, binti wa kwanza, kwa watu wa mjini. Joho la mama mkwe likatoka fupi mikono, kiganja kizima, na yule mama akanyoosha mkono wake mbele ya wageni mia mbili akauliza kama lilishonewa kondoo. Watu wakacheka. Kuanzia siku hiyo Burul hakufanya la sawa ndani ya nyumba ile, na baada ya miezi saba alirudi kwao na sanduku moja. Sasa anapika kwenye mkahawa Bishkek na haji hata sikukuu. Jambo lililomla Zuurakan mpaka leo ni kwamba kipimo cha mikono ile alikuwa amepewa na yule mama mwenyewe, kwa kinywa chake.

Ndiyo maana safari hii hakutaka kuambiwa namba. Namba mtu hutamka tu. Alimpigia simu Kalima, mke wa Sagynaaly, akaomba atumiwe uzi uliozungushwa kwenye kichwa kitakachovaa kalpaki, na Kalima akakubali. Uzi ndio huu.

"Mama," Aidai alianza, "si lazima uzi wa kule uwe wa..."

"Nyamaza wewe. Dada yako naye alianza hivihivi, kuwatetea kabla hawajamuoa."

Aidai akarudia utepe wake. Zuurakan akachukua simu na kumpigia Kalima, akamuuliza kwa sauti tamu ya dukani kama uzi haukukosewa, maana sufu wakati mwingine huvutika. Kalima akajibu kwamba haukukosewa.

"Nimepima mwenyewe, mkwe wangu, mara mbili. Tafadhali usiongeze hata kidole, hapendi kofia ya kumcheza kichwani."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Upole huo ndio uliomtia Zuurakan wasiwasi zaidi. Mtu mwenye nia safi, aliwaza, angeshtuka kidogo akiulizwa swali kama lile, angesema ngoja niangalie tena. Huyu alikuwa na jibu lake mfukoni, na juu yake katazo la kidole. Akajionea mambo yote yatakavyokuwa: Sagynaaly na kikofia kimemkalia utosini kama kifuniko cha birika, wageni wanashika mbavu, na Kalima anaweka mkono kifuani na kusema kwa upole uleule, mimi nilimpelekea uzi, sijui ameufanyia nini.

Alhamisi alifunga duka mapema, akanunua mikate mitatu mikubwa na kupanda teksi kwenda Sary-Bulak. Kisingizio kilikuwa kuuliza idadi ya wageni.

Kalima alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha mahali pa heshima, akamwaga mbele yake maandazi madogo ya boorsok na bakuli la jamu, kisha akatoka kwenda kuchukua malai ya maziwa kwenye ghala. Zuurakan akabaki peke yake, na macho yake yakaanza kazi. Dirishani alimwona Sagynaaly akigongomea ua wa kondoo, kofia ya kazi kichwani. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, chembamba, cha mtu aliyelala. Na ukutani, kwenye kigingi, ilitundikwa kalpaki ya sikukuu ya Sagynaaly.

Mwanamke hashiki kofia ya mume wa mtu. Zuurakan alilijua hilo kuliko wengi, na aliwahi kumfokea msichana wa duka la jirani kwa kosa hilohilo. Lakini aliinuka. Aliitwaa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, maana hata wizi una adabu zake, akaipindua na kupitisha shubiri yake ndani ya ukingo. Shubiri yake ilikuwa sentimita ishirini kamili, aliitumia kuliko futikamba. Moja, mbili, tatu. Sitini.

Alikuwa ndiyo kwanza ameirudisha kigingini Sagynaaly alipoingia. Aliitazama kofia, akamtazama yeye. Kishada cha kofia kilikuwa kimeangukia upande usio wake. Sagynaaly akakiweka sawa kwa kidole kimoja na kusema chai inapoa, karibu mkwe, basi. Hakuuliza kitu. Zuurakan akaisukuma chai kando, kwa sababu mtu asiyeuliza, kwa hesabu zake yeye, ni mtu anayeweka akiba.

Kalima alirudi na malai. Yule wa nyuma ya mlango akakohoa tena, na Kalima akatenga bakuli la supu, akalifunika kwa kitambaa.

"Amelala," alisema. "Siku ya karamu mtaonana."

Hapo ndipo mtu mwingine angeuliza ni nani. Zuurakan hakuuliza. Alijiambia kwamba wanaficha mgonjwa, labda mwenye kifua kikuu, labda ndugu mwenye akili pungufu, na kwamba Aidai ataletwa hapa kumwogesha. Aliliongeza hilo kwenye mengine, akaaga, akarudi Kochkor na kichwa kikimuuma.

Siku kumi zilizofuata alishona kofia mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya sitini. Alitoa sufu ya kondoo wa mwaka wa kwanza aliyokuwa ameiweka tangu majira ya kuchipua, nyeupe isiyo na doa, akaishindilia tena kwa maji ya moto mpaka ikawa laini kama ndani ya shavu. Akakata pande nne, akaacha nafasi ya unene wa kidole kwa ajili ya mvua ya kwanza, kwa kuwa sufu ikilowa hujivuta, akaunganisha pande kwa mshono ambao ungemshinda mtu kuuona. Mapambo ya pembe za kondoo dume aliyadarizi kwa mkono, siku nne nzima. Ukingo akautia mahameli nyeusi. Alipomaliza aliivika kwenye chungu chenye mzunguko wa sitini, akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika. Hakuwahi kushona kalpaki nzuri kuliko hiyo.

Ya pili ilikuwa ya hamsini na nne, na aliishona kwa hasira ndani ya mchana mmoja. Alitumia mabaki. Pande tatu zilikuwa nyeupe, au tuseme karibu na nyeupe, na upande wa nyuma haukutosha, kwa hiyo akaubandika kiraka cha sufu ya kijivu. Mishono akaiendesha kwa cherehani, mirefu, na wa nyuma ukaenda kombo bila yeye kujali. Bitana ilikuwa pazia la zamani. Kabla ya kuifunga aliuviringisha uzi mwekundu na mafundo yake mawili na kuushonea ndani, juu kidogo ya ukingo.

"Hiyo ya nani?" Aidai aliuliza.

"Ya mahakamani," mama yake akasema. "Wakinisimamisha mbele ya watu na kusema nimepuuza kipimo chao, naitoa. Nawaambia haya, huu uzi wenu, na hii kofia ya uzi wenu, mvalisheni mtu inayemwenea."

Aidai aliitazama ile kofia, akamtazama mama yake. "Mama, hata mara moja hujaniuliza mimi chochote kuhusu nyumba ile."

"Nikuulize nini, na wewe macho yameshaziba kwa mapenzi?"

Aidai akajibu kwamba basi, ashone anavyotaka, na akatoka nje akiwa na machozi. Zuurakan alimsikia akilia uani na moyo ukamuuma kweli. Lakini Burul pia alilia, alijiambia, na kilio chake kilikuja kwa kuchelewa. Akaikunja kofia ya ushahidi na kuitia chini kabisa ya mkoba wake.

Karamu ilifanyika Sary-Bulak, Jumamosi saa sita mchana. Uani walikuwa wamesimamisha mahema mawili, moshi wa masufuria ulikuwa umetanda hadi barabarani, na wageni walikuwa wengi kuliko idadi aliyokwenda kuuliza. Zuurakan hakula. Aliwakagua wakwe mmoja baada ya mwingine, nani anamnong'oneza nani, nani anacheka akiwa ameziba mdomo. Alimwona Kalima akiingia na kutoka kwenye ule mlango wa mwisho wa ukumbi, na mara mbili alimwona akimtazama na kutabasamu. Tabasamu la kwanza alilihesabu kuwa la woga, la pili la kejeli.

Wakati wa kuvishana ukafika. Sagynaaly akavishwa joho, Kalima akavishwa shali, mashangazi wakapata vitambaa vyao. Kisha Zuurakan akainua kalpaki kubwa kwa mikono miwili, na watu wakanyoosha shingo kuutazama uzuri wake. Mzee mmoja alisikika akisema hiyo si kofia, ni mlima. Zuurakan akapiga hatua kumwelekea Sagynaaly.

Sagynaaly akarudi nyuma. Aliinua kiganja kumwomba asubiri, akageukia mlango wa nyumba.

Akatoka Tilek, bwana harusi, amemshika mkono mzee mmoja mdogo wa mwili, aliyekauka, kichwa kimenyolewa kikang'aa. Walitembea taratibu sana. Mzee akakohoa kile kikohozi kirefu chembamba, na Tilek akamsubiri kimalize.

"Simama hapa, Baba," alimwambia. "Wakwe zako wamekuletea kofia."

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Zuurakan. Wageni wote walijua, Kochkor na Sary-Bulak hili si jambo la kuelezana: mtoto wa kwanza hupewa babu na bibi wamlee, huwaita baba na mama, na wazazi waliomzaa huwaita kaka na shemeji mpaka anazeeka. Kila mtaa una watoto wa namna hiyo. Kaka yake mwenyewe Zuurakan alikuwa mmoja wao. Angemuuliza Aidai neno moja, au angemuuliza Kalima nani anakohoa, angelijua kabla mikate mitatu haijakatwa. Mkuu wa nyumba ile hakuwa Sagynaaly. Alikuwa Mukash, baba yake Sagynaaly, aliyemlea Tilek tangu ananyonya.

Mikono ya Zuurakan ilikuwa imeshainuliwa na watu walikuwa wanatazama. Akaivisha kofia juu ya kichwa cha mzee. Ikashuka. Ikapita paji la uso, ikapita macho, ikatua puani.

Upande wa mashangazi mtu alijitia kukohoa. Zuurakan alimwona Kalima, uso umemwiva, shali mpya limeshikwa kwa ngumi, na kwa mara ya kwanza hakuona hila yoyote usoni pale, aliona mtu aliyeumizwa mbele ya wageni wake. Nyuma ya Kalima alisimama Aidai, kitambaa cheupe kichwani, hana rangi. Burul alikuwa na uso uleule siku ile ya joho.

"Mmezima taa?" mzee aliuliza kutoka ndani ya kofia.

Kicheko kilichotoka kilikuwa cha huruma zaidi kuliko cha dhihaka, lakini kilikuwa kicheko. Mukash akaivua mwenyewe, akayapapasa mapambo yake, akasema kazi hii haiwezi kupotea. Akamwita Sagynaaly ainame, akamvika. Ya baba kwenda kwa mwana, halali. Ikakaa sawasawa, sitini kamili. Watu wakapiga makofi kidogo, ya kumaliza aibu, kisha wakabaki wanamtazama mzee aliyesimama kichwa wazi kwenye upepo, siku ya harusi ya mwanawe.

Zuurakan aliushika mkoba wake. Alifikiria kiraka cha kijivu, akafikiria mshono wa kombo na lile pazia la zamani, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akamwona Aidai hajaacha kumtazama. Akatia mkono hadi chini ya mkoba, akaitoa.

Ilimkaa Mukash kana kwamba alizaliwa nayo. Haikubana, haikucheza. Ukingo ulilala juu ya nyusi kidole kimoja, masikio yakabaki huru.

"Kashona mbili!" mtu alipaza sauti. "Ya mzee na ya mwana, zote mbili!"

Basi hapo makofi yakawa makofi. Mashangazi wakamkumbatia Zuurakan, yule mzee wa mlima akasema mama mwenye akili kama hii hulea binti mwenye akili, na Aidai akaletwa mbele kuinama kwa wakwe zake na kupokewa kwa mabusu. Zuurakan aliyapokea yote kwa kuinamisha kichwa.

Mukash alikuwa anaipapasa kofia. "Humu ndani kuna kitu," alisema.

Kalima akasogea, akatia vidole chini ya ukingo. Zuurakan aliona vidole vikitembea juu ya bitana, vikakuta uvimbe wa uzi, vikakuta fundo, kisha fundo la pili. Mafundo yale Kalima alikuwa ameyafunga mwenyewe.

"Ni uzi wangu, Baba," Kalima alisema. "Mkwe ameushonea ndani. Wa baraka."

Alipompitishia Zuurakan bakuli la maziwa ya farasi aliinama karibu naye. "Nilimnyoa kwanza, ndipo nikapima," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kipimo kisikosewe." Zuurakan alimtafuta machoni kujua kama ameelewa uzi ule ulishonewa humo kwa nini, au hakuelewa. Yeye aliyesoma hila kwenye kila uso kwa majuma mawili hakuweza kusoma uso ule.

Akapiga magoti mbele ya mzee.

"Baba, nakuomba unirudishie kofia hiyo. Niliifanya haraka. Nipe siku tano nikushonee nyingine, ya sufu nzuri, hii haikustahili wewe."

Mukash akaishika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa upepo.

"Kalpaki hairudishwi, binti yangu, wewe fundi unalijua hilo. Sisi tulikuwa ndugu saba wanaume, mimi mwenye kichwa kidogo. Nimevaa zilizokatwa kwa kipimo cha kaka zangu, kisha nikavaa za kupewa, zote nikizishindilia sufu ndani zisinidondoke, na sherehe nzima shingo nimeikaza. Kabla ya hii hakuna aliyewahi kunipima. Nina miaka themanini na minne, na hii ndiyo ya kwanza iliyokatwa kwa kichwa changu."

Akamwita Tilek alete simu ampige picha. Alipigwa ya mbele, akapigwa ya ubavuni na Aidai amemshika mkono, kisha akageuka kwa shida, akisaidiwa, akataka apigwe na ya nyuma, watu waone ilivyokaa. Zuurakan alikuwa bado amepiga magoti. Kiraka cha kijivu kilikuwa usawa wa macho yake, na mshono wa kombo umeshuka katikati yake, naye aliutazama mpaka Tilek aliposema picha imetoka.